Chainizi ya Tanga inataka macho

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na vijana mliopitia hapa mkitoka shule, ahsanteni kwa kuja. Mmeniomba nizungumze kuhusu chainizi, mboga yetu ya majani, nami nitaanza na hasara yangu.

Nilipohamia hapa Ngamiani, mjini Tanga, nilinunua mbegu dukani. Pakiti ilikuwa na picha ya kabichi ya Kichina, ndefu, imefunga kama ngumi. Nikasia Januari. Siku ya nne miche ikatokeza, nikafurahi sana. Kufika Machi nina majani yamelegea, katikati hakuna kichwa, na mengine yameshapandisha shina lenye maua ya njano. Nikailaumu mbegu. Kumbe mbegu ilikuwa nzima, kosa langu ni mahali na msimu. Aina ile ya kufunga inapenda ubaridi, nyuzi 15 hadi 20 hivi. Januari yetu mchana unapita nyuzi 30, na usiku nao haupoi. Kule Lushoto, mita kama 1,400 juu ya bahari, inafunga vizuri. Sisi wa pwani tuwaachie.

Ya kwetu ni ile ya majani, yenye bua jeupe nene, ambayo sokoni Mgandini unaiita chainizi tu na muuzaji anakuelewa. Ni ndugu wa damu wa ile ya kufunga, ila hii inavumilia joto zaidi. Hata hivyo msiisie wakati wa jua kali. Sieni mwishoni mwa Mei, masika yakipungua, mvune wakati wa kipupwe. Anayetaka kulima wakati wa vuli aweke kichanja cha makuti juu ya tuta, kivuli chepesi cha mchana.

Udongo wetu mwingi ni kichanga, hauna subira na maji. Changanyeni samadi iliyooza vizuri, nusu debe kwa kila mita moja ya mraba, kisha mtandaze nyasi kavu. Mizizi ya chainizi haiendi chini sana, kwa hiyo udongo ukikauka juu tu, mmea unaona kiu na kukimbilia maua. Mwagilieni asubuhi na jioni. Wenye visima, onjeni maji kwanza! Yakiwa na chumvi, kingo za majani zitaungua hata mkiweka samadi ya zizi zima.

Miche ikifikisha majani manne au matano, kama wiki tatu, ihamisheni jioni, sentimita 30 kati ya mche na mche. Msiicheleweshe kitaluni. Mche uliosongamana humo ukazeeka, huwahi kutoa maua.

Sasa nifike pale panaponiuma. Kuna kiwavi mdogo wa kijani, mtoto wa nondo mwenye alama kama almasi mgongoni. Anakaa chini ya jani, anakula nyama ya jani na kuacha ngozi nyembamba ya juu, utaona vidirisha. Ukimgusa anajinyonganyonga, halafu anashuka kwa uzi. Huyu ndiye anayewafanya watu wakimbilie sumu. Wanapulizia leo, keshokutwa wanachuma, na mboga inaingia sufuriani kwa mtoto. Jani hili hatulimenyi kama ndizi, dada zangu. Tunalila lote.

Na sumu yenyewe haimwezi kwa muda mrefu. Mwaka 1953, kisiwani Java, nondo huyu alionekana kuizoea DDT, na tangu hapo amezizoea dawa nyingi duniani. Wale wachache wanaosalia baada ya kupuliziwa ndio wanaozaa, na kwa joto letu kizazi kipya kinakamilika ndani ya wiki mbili au tatu. Unaongeza dozi, naye anaongeza watoto.

Mimi napita kwenye matuta kila alfajiri baada ya swala, nageuza jani moja moja, naponda kwa vidole mayai na viwavi. Matuta manne yananichukua robo saa. Wakizidi, natwanga majani mabichi ya mwarobaini, nayaloweka usiku kucha, nachuja, naongeza sabuni ya kipande kidogo iliyoyeyushwa, nanyunyiza jioni chini ya majani. Jioni, kwa sababu jua linaivunja nguvu dawa hiyo. Bado mboga naiosha.

Mkiona doa la njano lenye umbo la herufi V kutoka ukingoni, mishipa yake imekuwa myeusi, hicho si kiwavi. Ni ugonjwa wa uozo mweusi. Ng'oeni mmea huo mkauchome, na hapo msipande tena chainizi, kabichi, figili wala sukuma wiki kwa miaka miwili au mitatu. Pandeni mchicha au bamia.

Kuvuna ni rahisi: baada ya mwezi na kidogo, chumeni majani ya nje, mioyo iachwe, mtarudi tena wiki ijayo.

Haya, twendeni nyuma ya nyumba. Kuna tuta moja sijaligusa tangu juzi, nimeliacha makusudi ili mgeuze majani wenyewe.