Jinsi ya kupanga hotuba ya kushawishi: mfano wa Mgiriki wa oboli moja

Karibuni tena, watazamaji wangu. Shika kalamu na karatasi, maana leo tunaandika huku tunatazama.

Mwalimu wetu ni mtu ambaye hata jina lake hatulijui. Aliishi Athens, Ugiriki, miaka michache baada ya 403 KK. Alikuwa mlemavu, na dola ilimpa posho ya oboli moja, sarafu ndogo ya Kigiriki, kwa siku. Akatokea mtu akamshtaki kuwa hastahili: ana kazi yake ya mikono, tena anapanda farasi! Ikabidi ajitetee mbele ya Baraza la watu 500. Kule kila mtu alijisemea mwenyewe, ila uliruhusiwa kuandikiwa maneno ukayakariri. Yeye aliandikiwa na Lysias, mwandishi maarufu wa hotuba, na hotuba hiyo ipo hadi leo.

Hatua ya kwanza: chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika, kwa sentensi moja tu, jambo unalotaka wakubali. Kulia andika hoja kali kuliko zote za mpinzani wako. Usijidanganye kwa kuchagua ile nyepesi. Bwana wetu kulia angeandika: farasi. Simamisha video, andika yako.

Hatua ya pili ni utangulizi. Hapa wengi wetu tunamalizia pumzi kwenye itifaki. Yeye alianza hivi: karibu nimshukuru mshtaki wangu, kwa kuwa amenipa sababu ya kuwaeleza maisha yangu. Sentensi moja, na tayari anaonekana mtu mtulivu asiye na kinyongo. Hiyo ndiyo ethos, yaani sifa ya msemaji inayojengwa na maneno yake mwenyewe. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliihesabu kuwa karibu ndiyo silaha kubwa kupita zote.

Hatua ya tatu, maelezo. Yawe mafupi. Baba hakuniachia kitu. Mama nilimtunza mpaka alipofariki. Watoto wa kunitunza sina. Kazi yangu inaniingizia kidogo. Basi. Huruma, ambayo Wagiriki waliiita pathos, inapenya kupitia mambo hayo yenyewe.

Hatua ya nne ndiyo roho ya hotuba: uthibitisho, au logos. Sasa rudi kwenye ile safu ya kulia. Bwana huyu hakukana farasi. Alisema: ningekuwa na mali ningepanda nyumbu mwenye tandiko zuri, lakini kwa kuwa sina, naazima farasi za watu. Halafu akaongeza: natembelea fimbo mbili wakati wengine wanatumia moja, mbona hasemi kwamba fimbo mbili nazo ni dalili ya uzima?

Umeona alichofanya? Ushahidi ni uleule, ila sasa unamtetea yeye. Na baada ya hoja kusimama ndipo akatia mzaha: kama mimi ni mzima, basi niingizeni kwenye bahati nasibu ya kuchagua watawala tisa wa mji, na oboli yangu mpeni mshtaki, maskini kilema! Mzaha huo ukiuweka mwanzoni, utaonekana mtovu wa adabu.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako, chini ya hoja ya mpinzani, andika kwanza unachokubali ndani yake. Kisha andika kinamaanisha nini hasa.

Hatua ya tano, hitimisho. Aliwakumbusha kwamba enzi za Watawala Thelathini, kundi la wachache lililopindua demokrasia ya Athens, alikwenda uhamishoni mji wa Chalcis pamoja na wanademokrasia, akaomba jambo moja: wamwamulie kama mabaraza yaliyotangulia. Nawe omba jambo moja. Na ukishatamka "kwa hayo machache", tafadhali keti.

Mwisho, soma kwa sauti huku saa ya simu inahesabu. Mahakama za Athens zilipima muda kwa mtungi unaovuja maji, na maji yakiisha zamu yako imekwisha. Ukipitiliza dakika ulizopewa, kata kwenye utangulizi, kisha kwenye maelezo. Jibu la safu ya kulia usiliguse.