Msitu Uliogeuka Ziwa

Shikamooni wazee wangu. Vijana wa uchapaji, hamjambo? Ramani hii ya picha ya setilaiti niliyoibandika ukutani niliichapisha mwenyewe, na ni mbovu. Mnaliona doa hili jeusi kaskazini mwa Tukuyu? Bibi mmoja mzaliwa wa Kiwira alilikazia macho, akaniuliza, "Mwanangu, ziwa hili limetokea lini?" Ni msitu wa Mlima Rungwe. Kwenye kompyuta ulikuwa kijani kibichi kizito, na makorongo ungeweza kuyahesabu.

Kompyuta inawaka. Nyekundu, kijani na bluu zikikutana pale, unapata nyeupe. Karatasi haiwaki: wino wa samawati, majenta na njano unakula mwanga unaoiangukia, na weupe wote ulio nao ni wa karatasi yenyewe. Tena nukta ya wino ikigusa karatasi hutanuka, na kwenye karatasi isiyong'aa hutanuka zaidi, kama chai iliyomwagikia kitambaa. Penye giza nukta zinaungana, korongo linafukiwa. Mimi kwa ujuaji wangu nilijaza rangi zote nne, hizo tatu pamoja na nyeusi, karibu asilimia 400 kwa jumla, wakati hata kwenye karatasi inayong'aa wachapaji wengi husimamia kama 300. Wino ukagoma kukauka, karatasi zikapakana migongo.

Siku hizi naanza na giza. Kabla ya kugeuza picha iwe ya rangi za wino, nauinua msitu hatua kadhaa, hata kwenye skrini uonekane umepauka. Unapauka kweli, na ukiutazama hivyo unaweza kudhani nimeharibu kazi. Mashine ya kuchapa itaurudishia giza lake. Kijani cha mashamba ya chai ya Tukuyu, kile kinachowaka baada ya mvua, wino wa kawaida haukifikii. Basi nazipunguza makali rangi za jirani ili chai ibaki na nafasi yake. Kwangu ramani ni sahihi pale chai isipofanana na msitu, wala msitu na maji. Kuhangaikia ifanane na skrini nimeshaacha.

Kuhusu ukubwa sitasema mengi. Pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya setilaiti ya Sentinel-2 niliyoitumia ni mita 10 ardhini. Kwa kipimo cha 1:100,000 inakuwa milimita 0.1, inatosha. Ukiivuta hadi 1:25,000 inakuwa milimita 0.4, na mteja ataona vigae vigae.

Ila tarehe ya picha, hapo wengi tunateleza. Setilaiti hii hupita kwetu asubuhi. Mwezi Juni jua letu liko kaskazini mashariki, kivuli kinaangukia kusini magharibi, yaani chini ya karatasi, na jicho linauona mlima kuwa mlima. Mwezi Desemba jua limehamia kusini mwetu, kivuli kinapanda juu ya karatasi. Ghafla bonde linaonekana tuta na tuta bonde. Hakuna wino wa kurekebisha hilo. Na Desemba mawingu yenyewe mnayajua. Septemba nayo ina moshi wa kuchoma nyasi, unaotandaza ukungu wa bluu juu ya bonde lote la Usangu.

Nimekuja na sampuli mbili, moja ya giza na moja niliyoiinua. Msizitazamie hapa chini ya taa hizi, zinadanganya njano. Sogeeni dirishani, na wazee watangulie, maana nataka wao waniambie kwanza ziwa liko wapi.