Mpangaji Asiyelipa Kodi

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tulipanga tuongelee namna kubana matumizi ya umeme kunavyoweza kuinua uchumi ulioyumba. Mwita ana masomo matatu kwenye daftari lake...

MWITA: Manne.

ZUHURA: Manne. Ila wiki hii, jamani, LUKU imenitoa jasho. Nikazima taa, feni, televisheni. Nikaangalia mita, kitaa bado kinapepesa kwa kasi ileile. Kumebaki friji tu.

MWITA: Lile la mtumba? Linalonguruma mpaka wasikilizaji wanalalamika?

ZUHURA: Hilohilo.

MWITA: Hilo si friji, dada, ni mpangaji. Anakula, analala, kodi halipi.

ZUHURA: Angekuwa analala! Fundi kaja, kabana karatasi mlangoni, kaivuta, ikatoka bila kushikwa. Mpira umechoka, joto linaingia, kompresa haipumziki usiku kucha.

MWITA: Sasa sikia. Nyumba ya matumizi madogo, isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, inanunua yuniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Ukivuka hapo, kila yuniti ya ziada bei yake ni zaidi ya mara tatu. Ghana walikuta friji la kawaida la nyumbani linakula takriban yuniti 1,200 kwa mwaka. Gawanya kwa 12.

ZUHURA: Mia kwa mwezi.

MWITA: Mpangaji peke yake kakutoa kwenye bei rahisi! Hujawasha hata balbu.

ZUHURA: Na juzi kagandisha mchicha.

MWITA: Mfukuze! Ghana waliwafukuza: mwaka 2013 walianza kuzuia mafriji ya mitumba yasiingie nchini. Lete bovu lako, upewe punguzo la jipya.

ZUHURA: Hapo sikufuati. Jirani yangu anauza barafu za ukwaju na maji ya kandoro. Mtaji wake ni friji la mtumba, basi. Ukilizuia, umezuia ada ya watoto.

MWITA: Lakini jipya analilipia tayari, kidogo kidogo, kwenye LUKU.

ZUHURA: Kidogo kidogo ndiyo pesa aliyonayo! Ya mkupuo anaitoa wapi?

MWITA: Si nimesema punguzo?

ZUHURA: Punguzo ni la mwenye uwezo wa kumalizia kilichobaki. Halafu mafundi je? Wajaza gesi, wabadilisha mipira? Huo nao ni uchumi, Mwita, haumo tu kwenye daftari lako.

MWITA: Uchumi wa kutibu mgonjwa asiyepona.

ZUHURA: Na anayelipwa kumtibu anasomesha. Isitoshe, Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Umeme upo, watu wautumie wapate riziki.

MWITA: Umeme upo bwawani, shilingi haipo mfukoni kwako. Wewe ndiye uliyezima feni ukalala na jasho!

ZUHURA: Nitabadilisha mpira.

MWITA: Unampaka mpangaji rangi.

ZUHURA: Namtengeneza. Jirani naye atengeneze lake. Marufuku sikubali.

MWITA: Mimi nakubali, hata kesho.

ZUHURA: Basi tubaki hivyo. Kijana wa mitambo ananionyesha vidole viwili... dakika mbili.

MWITA: Masomo yangu! Haya, la kwanza: Ghana tena, 2007, umeme una mgawo, serikali ikagawa balbu milioni 6 za kubana matumizi. Mzigo wa saa za jioni ukapungua kama megawati 124. Hawakujenga hata...

ZUHURA: Balbu za bure?

MWITA: Za bure.

ZUHURA: Ona! Waliwapa watu, hawakuwanyang'anya. Mbona hukuanza na hilo?

MWITA: Ulianza na mchicha wewe!

ZUHURA: La pili?

MWITA: Marekani, 2009. Sheria ya kufufua uchumi, dola bilioni 5 za kuziba nyufa kwenye nyumba za watu wa kipato cha chini, mafundi wapate kazi...

ZUHURA: Mafundi! Umesikia ulichosema?

MWITA: Hao ni mafundi tofauti.

ZUHURA: Tofauti kivipi?

MWITA: Muda umekwisha.

ZUHURA: Wiki ijayo utanijibu. Kwaherini.