Kasri la Katoni na Kamba ya Katani: Mhadhara kwa Walimu wa Historia

Walimu wenzangu, asanteni kwa kunialika. Wale walionisikia mahali pengine wanisamehe, maana nitasema niliyokwisha kuyasema, na nitaendelea kuyasema mpaka kasri la katoni litoke kwenye madarasa yetu.

Mnalijua. Mwalimu amefika Zama za Kati za Ulaya. Ametaja ukabaila, ametaja mabwana na watwana, ametaja kanisa, akitazama nyuma watoto wanasinzia. Anasema, "Haya, mradi! Kila mmoja aje na kasri Jumatatu." Jumapili saa tatu usiku mama anazunguka madukani akiomba katoni ya sabuni. Baba anakata, mama anabandika, mtoto amelala zamani. Jumatatu makasri yanaletwa, yote yana minara minne, yote yana bendera juu, na moja niliona kwa macho yangu lina bendera ya Manchester United. Mwenye baba seremala anapata alama 28 kati ya 30. Kisha yanapangwa juu ya kabati, mende wanahamia.

Sasa mwite huyo mwenye 28. Muulize, hii minara ni ya nini? Kwa nini imekaa kwenye pembe? Kwa nini ni ya mviringo? Atakwambia, "Ndivyo ilivyo kwenye picha, mwalimu."

Kipimo changu ni kimoja. Je, mwanafunzi angeweza kuumaliza mradi huu bila kujua lolote kuhusu zama zile? Kama angeweza, basi hiyo ni kazi ya mikono, na kazi ya mikono ina mwalimu wake na kipindi chake. Mradi wa historia unamsimamisha mtoto mbele ya tatizo lililowakosesha watu usingizi wakati ule, akiwa na vitu walivyokuwa navyo wao, halafu mwalimu ananyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi wetu tunaposhindwa.

Nitatoa mfano wa ngome. Utachukua muda, mwenyekiti univumilie.

Ya mwaka 1453 mnayajua, sirudii. Kuta za Konstantinopoli zilisimama miaka elfu moja, Sultani Mehmed wa 2 wa Waturuki akaja na mizinga. Mwaka 1494 Mfalme Charles wa 8 wa Ufaransa akashuka Italia na mizinga yake inakokotwa na farasi, na miji iliyojivunia kuta ndefu ikagundua kwamba urefu wa kwenda juu umekuwa balaa: ukuta mrefu na mwembamba ni shabaha nzuri. Hayo mtoto anaweza kuyakariri. Lakini swali lililowakalia wahandisi wa Italia kwa miongo mingi halikaririki, lazima ulione chini, kwenye ardhi.

Kwa hiyo toka nje na darasa. Unahitaji chaki, kamba ya katani, na watoto. Chora mraba mkubwa uwanjani, hatua kumi kila upande. Kwenye kila pembe chora mnara wa duara, na usifanye ubahili, duara liwe la hatua tatu hivi. Kila mnara uwe na mpiga mzinga mmoja, na kila mpiga mzinga awe na kamba. Kamba ikivutwa ikanyooka ndiyo njia ya risasi. Risasi haikati kona, na kamba iliyovutwa haikubali ujanja. Halafu chagua mtoto mmoja mtundu, kila darasa lina wake, mwambie: wewe ndiye adui. Tafuta mahali ambapo hakuna kamba itakayokufikia.

Atajaribu katikati ya ukuta, atapigwa kutoka pande mbili. Atajaribu mbali, atapigwa na kila mtu. Mwishowe ataukumbatia mnara wenyewe, kwa nje, pale kwenye tumbo la duara. Na hapo mambo yanaanza. Mpiga mzinga wa mnara huo hawezi kumpiga, maana adui yuko miguuni pake. Akitaka kumwona lazima ajitokeze nje mpaka kiunoni, na wenzake adui wanamsubiri. Jirani wa kushoto anavuta kamba yake, inagusa mgongo wa duara, inapita. Jirani wa kulia vilevile. Adui amekaa raha mustarehe. Niliwahi kuona mmoja ametoa mandazi mfukoni.

Waambie sasa wachore kwa chaki eneo lote ambalo kamba haifiki. Zile kamba mbili, ya kushoto na ya kulia, zimegusa duara kila moja kwa upande wake na zinakutana mbele yake. Ndani yake kuna pembetatu, mnara umejibanza kwenye kitako chake. Uliza, adui akikaa hapa wiki mbili atafanya nini? Watasema atachimba. Naam, atachimba handaki chini ya mnara, atajaza baruti. Basi, nyinyi ndio wahandisi wa mji, mnalipwa kwa florini za dhahabu, mji unawategemea. Fanyeni kitu.

Halafu funga mdomo wako, mwalimu. Tafadhali.

Watapendekeza kuongeza urefu wa mnara, na mwenzao mmoja atawakumbusha mizinga inapenda nini. Watapendekeza kumweka askari pale nje, wataulizana ni nani atakubali kwenda. Watapendekeza kumwaga mafuta ya moto, hilo halikosekani, wameliona kwenye filamu. Muda unapita, unawashwa ulimi, unavumilia. Kisha mtoto mmoja, na mara nyingi si yule wa nambari moja, anasema, "Si tupajenge tu hapo? Adui atakaa wapi?" Anafuta duara kwa kiatu na kuacha ile pembetatu. Pembe ya mnara imechongoka kama ncha ya mshale. Rudieni kamba. Hakuna tena mahali pa kujificha, mradi mizinga ihamie kwenye mabega ya ile ncha na kupiga sambamba na uso wa jirani.

Mtoto huyo ameifikia buruji ya Renesansi, yaani mnara wa ngome wenye ncha wa zama za mwamko wa Ulaya. Hakuiiga kwenye picha. Ameifikia kwa njia ileile waliyopita wao, ya hesabu ya macho na kamba.

Hapo sasa, si kabla, ndipo unapotoa mfukoni ramani ya Fort Jesus, ngome ya Wareno pale Mombasa, ikionekana kutoka juu, buruji zake nne. Kelele zitakazotoka hapo, mwalimu mkuu atakuja kuuliza kuna nini. Kwa watoto wa Mombasa ile ni Ngomeni, mahali pa kupigia picha siku ya Idi. Hawajawahi kuambiwa kwamba aliyeichora, Giovanni Battista Cairati, alitoka Milano, kwamba alikuwa mhandisi wa Mfalme Felipe, yule aliyetawala Uhispania na Ureno kwa pamoja, na kwamba ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa hesabu zilizotungwa Italia kwa sababu ya mizinga ya Mfaransa. UNESCO ilipoiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011 ilitaja jambo hilohilo, pamoja na ile imani ya Renesansi kwamba uwiano kamili unapatikana katika mwili wa binadamu. Francesco di Giorgio wa Siena alichora mtu aliyevikwa mji mzima mwilini, ngome ikiwa kichwani. Wape watoto ramani na penseli, watafute kichwa na mabega na viungo. Watabishana. Waache wabishane.

Na usiishie kwenye ujenzi. Waulize, je, hesabu hizi zilifanya kazi? Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan wa Mombasa aliitwaa ngome, lakini hakuvunja ukuta, aliingia kwa mlango. Waomani waliizingira Machi 1696, wakaingia Desemba 1698. Karibu miaka mitatu! Waliowamaliza Wareno na wenzao waliokuwa ndani ni maradhi na njaa. Mtoto aliyeshika kamba ataona mwenyewe kwamba ukuta ulifanya kazi yake na wali ukakosekana.

Najua kuna mtu ameshakunja uso. "Mwalimu, wewe una Fort Jesus. Mimi nafundisha Kitui." Ndugu yangu, uwanja huna? Chaki huna? Ngome ni ya mwisho, ni ya kuwashangaza tu. Tatizo la pembetatu ni lilelile Kitui na Florence kule Italia.

Na kuna mwingine, huyu hukaa nyuma kabisa, swali lake ni kali zaidi. Kwa nini tuwasumbue watoto wa Kiafrika na Zama za Kati za Wazungu? Nalipenda swali hilo, lakini silipendi likija kama kisingizio cha kutosoma. Zama za Kati hazikuwa za Wazungu peke yao. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Mtu huyohuyo mwaka 1348 yuko Dameski, tauni inaua watu, anaona Waislamu, Wayahudi na Wakristo wakifunga na kutoka kwa miguu pamoja kumwomba Mungu. Tauni ileile, tunayoiita Kifo Cheusi, ilikuwa imeshatua Messina, Sicilia, mwaka 1347. Mtu mmoja, macho mawili, Kilwa na Kifo Cheusi! Mwaka 1441 watawa wa Ethiopia waliingia Florence kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa kanisa, na mchongaji Filarete akawaweka kwenye milango ya shaba ya Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Ukifundisha Florence bila wao, umeifundisha nusu. Chora njia hizo ukutani kwa kamba ileile ya katani, uone kama watoto watauliza hii ni historia ya nani.

Haya, mtihani. Daima ni mtihani. "Muda uko wapi?" Zoezi la kamba linachukua vipindi viwili. Kasri la katoni linachukua wiki mbili za familia nzima, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba linakula silabasi. Na swali la mtihani likija, "Eleza athari za baruti katika kudhoofika kwa makabaila," mtoto aliyekuwa adui na mandazi yake ataandika mpaka wino uishe.

Naona saa. Zoezi la pili, haraka kidogo, halina gharama hata ya chaki.

Hesabu. Wape watoto deni la mfanyabiashara wa Florence kwa tarakimu za Kirumi: vitambaa XXVII, kila kimoja CXLVIII. Jumla? Marufuku kugeuza kuwa tarakimu zetu. Watahangaika, watatoa kokoto na maharagwe wayapange kwenye mistari, na ukiwaona wanapanga usiwakataze, maana ndivyo walivyofanya watu wa Zama za Kati, walikuwa na mbao za kuhesabia. Kisha waruhusu tarakimu za kawaida. 3,996, mara moja. Sasa wasimulie kuhusu Fibonacci wa Pisa, kijana aliyejifunza tarakimu za Kihindi na Kiarabu huko Bejaia, Algeria ya leo, baba yake alipokuwa kazini bandarini, akaandika kitabu mwaka 1202. Halafu wape fumbo: kama ni rahisi hivi, kwa nini chama cha wabadilishaji fedha wa Florence kilipiga marufuku tarakimu hizo kwenye vitabu vya hesabu mwaka 1299, karibu miaka mia baadaye?

Usijibu. Wape karatasi ina deni la 100, waambie wamwibie mwenzao kwa kuongeza kijimkia kimoja cha kalamu. Sifuri inakuwa sita, inakuwa tisa, hata mtoto wa darasa la nne anaweza. Jaribu kumwibia mtu kwa C, mia ya Kirumi. Watakwambia wenyewe yule mkuu wa chama aliogopa nini, na pengine watasema hakuwa mjinga. Hilo ndilo ninalolitafuta kuliko yote: mtoto aache kudhani watu wa kale walikuwa wajinga waliokuwa wakimsubiri yeye azaliwe.

Mwenyekiti ananionyesha vidole. Vitano? Viwili. Sawa.

Kifo Cheusi na mishahara: gawanya darasa kuwa wenye mashamba na vibarua, vuta theluthi ya vibarua waketi chini kama maiti, waliobaki wajadiliane ujira. Ujira utapanda wenyewe. Kisha wasomee sheria ya Uingereza ya 1351 iliyowalazimisha vibarua kupokea ujira wa kabla ya tauni, na uwaulize wataasi lini. Waingereza waliasi 1381. Tahadhari, wanaokaa kama maiti watacheka, na msiba si mchezo. Wape kazi ya kuandika orodha ya mashamba yaliyobaki bila mtu.

Uchapaji: herufi za muhogo. Wakichonga watagundua kwamba herufi lazima iandikwe kinyumenyume, na wakichoka baada ya mstari mmoja waambie Biblia iliyochapwa na Gutenberg wa Ujerumani ina safu mbili kwa ukurasa, nyingi za mistari 42 kila moja, na nakala zilikuwa 180 hivi. Kuba la kanisa kuu la Florence, lililojengwa na Brunelleschi, nilikuwa nimelitayarisha na picha zake, tuliache, tutalisema wakati wa chai.

Kuhusu alama, kwa kuwa najua ndilo swali la kwanza litakaloulizwa. Sitoi alama kwa kitu kilichotengenezwa. Natoa kwa ukurasa mmoja ambao mwanafunzi anauandika darasani, si nyumbani, baba yake seremala akiwa kazini kwake: tatizo lilikuwa nini, tulijaribu nini kikashindikana, wao walifanyaje, na kwa nini. Kilichoshindikana kina alama nyingi kuliko kilichofaulu, na nawaambia hivyo mapema, la sivyo wanakificha. Nakala za mwongozo wa kusahihisha ziko pale mlangoni. Hazitoshi wote, pigeni picha kwa simu. Karibuni maswali, na yule wa Kitui aanze.