Mshahara wa mkuu wa chuo na ada ya mtoto wako

Wazazi shikamooni, vijana habari zenu. Wanaonijua hapa Moshi wanajua nimekuja na lile lile na nitalirudia mpaka lieleweke: kabla hujakubali ada ipande, uliza wanaoendesha hicho chuo wanalipwa shilingi ngapi na aliyewapangia ni nani.

Nianzie Uingereza, Chuo Kikuu cha Bath. Mkuu wake alikuwa mama mmoja, Glynis Breakwell, mwaka 2017 ikajulikana analipwa pauni 468,000 kwa mwaka. Na kule ada zilishapanda, 2012 zilitoka pauni elfu tatu na kitu zikafika 9,000, watoto wanasoma kwa mikopo. Sasa sikilizeni. Huyu mama alikuwa mjumbe wa kamati ile ile inayopanga mishahara ya wakubwa! Wakifika kwenye wa kwake anatoka nje, sawa, lakini waliobaki ndani si ndo wale wale anaokaa nao kila siku? Watu wakaleta hoja ya kuikosoa kamati, ikapigiwa kura, na yeye akapiga kura kuikataa, ikaanguka 33 kwa 30. Mamlaka ya elimu ya juu ikaja kuchunguza ikasema kura ile imechafua jina la chuo. Alafu kuna la gari, hili ndo linaniumiza zaidi. Chuo kilimkopesha hela ya gari bila riba, alipotangaza kuondoka, deni lililobaki, pauni elfu 31 na ushee, likafutwa. Likafutwa jamani! Hapa kwetu kijana aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo akipata ajira tu anakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe, na anakatwa huku analipa kodi ya chumba na anasomesha mdogo wake.

Najua kuna mhasibu humu anasema moyoni, mzee, mshahara wa mtu mmoja ukiugawa kwa wanafunzi wote ni hela ndogo. Haya tugawe. Gordon Gee wa Ohio State kule Marekani, 2013 malipo yake yote yalipita dola milioni 6, nyingi zilikuwa zimelimbikizwa miaka ya nyuma, chuo kina wanafunzi kama elfu 60, inakuja dola mia hivi kwa kichwa. Na sikatai, serikali kupunguza ruzuku kunapandisha ada kuliko mshahara wa mtu yeyote. Lakini mkuu akipanda na makamu anapanda, wakurugenzi nao wanadai, kila mmoja na gari na dereva na ofisi yake. Na bodi zinapangaje? Zinaangalia chuo jirani kinalipa ngapi, hakuna bodi inayotaka mkuu wake aonekane wa chini, kwaiyo huyu anapandisha, mwaka unaofuata yule anamwangalia huyu na yeye anapandisha, na hakuna hata mmoja amefundisha darasa moja la zaidi. Bili inaenda kwa nani?

Inaenda kwa mama anayeuza ndizi pale Mbuyuni. Yupo mmoja kanionyesha fomu ya kujiunga ya binti yake, ada iko juu, chini mistari kibao, kitambulisho, mtihani, halafu mstari mmoja umeandikwa "gharama za uendeshaji", laki moja na nusu. Za kuendesha nini? Kauliza dirishani kwa mhasibu, kaambiwa lipa kwanza.

Muda naona unaniishia. La Magufuli aliposema 2016 kule Chato kwamba mkubwa wa shirika la umma asizidi milioni 15 kwa mwezi, nililitaka sana ila tutaongea siku nyingine. La Marekani nalisema haraka: vyuo binafsi visivyo vya faida vinajaza fomu ya kodi kila mwaka yenye mishahara ya wakubwa na mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, na tangu sheria ya 2017 chuo cha aina hiyo kikimlipa mkubwa zaidi ya dola milioni moja kinatozwa asilimia 21 ya kile kilichozidi. Niambieni, nani humu ameshawahi kuona karatasi ya namna hiyo kutoka chuo binafsi anachosomesha mtoto? Hakuna mkono.

Basi mkiitwa kikao cha ada nendeni na fomu zenu mkononi, muulize hayo mawili, wanalipwa ngapi na nani kapanga, na wakisema ni siri, iandikwe kwenye muhtasari kwamba wamesema ni siri.