Bonyeza Mguu Kabla Hujasoma Picha

Asanteni. Nimeombwa nizungumzie mifupa ya miguu ya watoto. Humu ndani naona wazazi, walimu wa michezo na matabibu wenzangu, kwa hiyo naanza na neno ambalo wauguzi wa kliniki yangu wameshalikariri: bonyeza mguu wa mtoto kabla hujasoma picha yake ya eksirei.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa kiume wa miaka 5. Alikuja amembeba mgongoni, mtoto mkubwa kabisa, miguu inaning'inia. Mtoto alikuwa amechechemea wiki 6. Alishachuliwa kwa mafuta ya nyonyo, akapewa dawa za minyoo, mwisho akapigwa eksirei, na huko mama akaambiwa maneno mawili tu: "Mfupa umekufa." Siku tatu hakupata usingizi. Alipofika kwangu hakuniuliza mtoto anaumwa nini. Aliniuliza, "Mtamkatia wapi, daktari, hapa au hapa?" akigusa kifundo, kisha chini ya goti.

Nikamwomba aiache picha ndani ya bahasha. Nikapiga magoti, nikaanza na kisigino: kimya. Kifundo: kimya. Nikapeleka kidole gumba upande wa ndani wa unyayo, pale juu ya upinde, mtoto akauvuta mguu. Ni hapo tu, mahali pa ukubwa wa sarafu. Hana homa, hajakonda, usiku analala. Ndipo nikaitoa picha, na kile nilichokitarajia ndicho nilichokikuta.

Pale kileleni mwa upinde kuna mfupa uitwao navikula. Jina ni la Kilatini, maana yake mtumbwi mdogo, na umbo lake ni hilo. Katika mifupa 7 ya sehemu ya nyuma ya unyayo, huu ndio wa mwisho kuacha kuwa gegedu. Kwa wavulana huchelewa zaidi kuliko kwa wasichana. Sasa tazameni: majirani zake wote wameshakuwa wagumu, wenyewe bado laini, na ndio uliokaa juu kabisa ukipokea uzito wa mtoto anayeruka kutoka ukutani kutwa nzima. Unabanwa, na vijishipa vya damu vinavyoulisha vinabanwa nao. Ukikosa damu unakuwa bapa, na kwenye picha unaonekana mweupe pe. Aliyesema umekufa hakudanganya. Ila hakumwambia mama kwamba damu hurudi, mfupa ukajijenga upya, na kwa kawaida katika mwaka mmoja au miwili ukawa mzima. Alban Köhler, daktari wa mionzi wa Wiesbaden, Ujerumani, aliyaeleza haya mwaka 1908. Zaidi ya miaka 100! Mbona mama bado anakosa usingizi kwa jambo hili?

Yule mtoto nilimfunga plasta ngumu ya kutembelea, chini ya goti, kwa wiki 6. Bila plasta pia angepona, lakini plasta hufupisha maumivu. Walirudi baada ya mwaka na nusu, mtoto akikimbia mbele ya mama yake, na kwenye picha mtumbwi umerudi.

Namwona tabibu pale anatikisa kichwa: "Nina picha kama hiyo na mtoto haumwi hata kidogo." Ndiyo! Hilo ndilo ninalolilia. Navikula ya mtoto mzima wa afya inaweza kuanza ikiwa vipande viwili au vitatu, kingo zake zimechongeka hovyo. Kama ukibonyeza haumwi, huo ni ukuaji, usimfunge kitu. Mzazi naye ananiuliza: si upungufu wa kalsiamu? Hapana. Si kutembea peku? Hapana. Mnauziwa makopo ya unga wa kalsiamu kwa ajili ya mfupa huu, na inaniuma. Hela hiyo mnunulieni mtoto mayai.

"Na ukimtuliza mzazi kumbe ni jambo baya?" Swali la haki. Homa, maumivu yanayomwamsha usiku, uvimbe unaoongezeka, mtoto anayekataa kabisa kukanyaga chini: huyo halali nyumbani hata usiku mmoja, apelekwe hospitali. Mwenye selimundu namhofia zaidi, maana usaha wa mfupa humwandama. Na hapo pia kidole hutangulia picha. Siku za kwanza za usaha eksirei huweza kuwa safi kabisa, wakati mtoto analia ukimgusa.

Walimu wa michezo, lenu ni ukingo wa nje wa unyayo, kwenye kitako cha mfupa wa kidole kidogo. Wasichana wa miaka 9 hadi 11, na wavulana wa 11 hadi 14, huota hapo kipande chembamba kama ganda, kikisubiri kuungana na mfupa. Mtoto anateguka uwanjani, anapigwa picha, mstari unaonekana, anaambiwa amevunjika. Mstari wa ukuaji hufuata urefu wa mfupa. Mstari wa kuvunjika mara nyingi huukata kwa upana. Ukibaki na shaka, piga picha mguu wa pili: aghalabu utakuta mstari uleule.

Naona natazamwa na mwenye saa. Haraka basi. Kinundu upande wa ndani wa unyayo, kiatu cha shule kinakisugua: ni kijifupa cha ziada, mtu 1 kati ya 10 hivi anacho na wengi hawajui. Tafuta kiatu kipana kwanza, kisu ni cha wachache sana. Kisigino kinachouma mtoto mwanamichezo akishacheza: mpunguzie mbio, kitatulia mfupa ukishakomaa.

Na hili nilitaka kulipa nafasi kubwa. Nyayo bapa nyingi za watoto wadogo hazina shida: mwambie asimame kwa vidole, upinde utajitokeza. Lakini mwenye miaka 10 au zaidi, unyayo bapa na mgumu, upinde haujitokezi, kila mwezi anateguka kifundo, huyo huenda mifupa miwili ya unyayo imeungana tangu tumboni. Msimwite mvivu wa mazoezi. Mleteni.

Mama wa safu ya tatu, nimekuona na bahasha yako tangu naanza. Njoo hapa mbele na mtoto. Mvue viatu vyote viwili, na hiyo bahasha usiifungue kwanza.