Kodi ya mauzo ikipanda, nani anaumia zaidi?

KAKA: Haya karibuni tena, leo tunaongelea kodi ya mauzo, ile inayokaa kule chini kabisa ya risiti na watu wengi hatuisomi. Dada, jana usiku ulinitumia vois ndefu kweli, hebu anzia hapohapo.

DADA: Asante kaka. Yaani nilikuwa kwenye foleni ya kulipa, mbele yangu kuna mama na mtoto, jumla ikatoka, akaangalia skrini, akahesabu noti zake mara mbili, halafu akatoa sabuni ya kufulia akaisogeza pembeni akasema basi hii acha, piga tena. Nyuma yangu jamaa ana troli imejaa mpaka juu, hata kuangalia skrini hajaangalia. Na wote wawili wanakatwa kiwango kilekile. Roho iliniuma sana.

KAKA: Lakini kuna mtu atakuambia si ndo usawa wenyewe huo, kiwango kimoja kwa wote, nani kapendelewa hapo?

DADA: Pale kaunta ni sawa, ukifika nyumbani si sawa. Tupige hesabu rahisi tu. Chukua kila 100 unayotumia, 10 inaenda kwenye kodi. Nyumba ya kwanza inaingiza 1,000 kwa mwezi na yote inaisha, imelipa 100, yaani sehemu ya kumi ya kila ilichopata. Nyumba ya pili inaingiza 10,000, inatumia 4,000, zile 6,000 inaweka. Imelipa 400. Ni nyingi kuliko 100, sikatai, ila ni asilimia 4 tu ya kipato chake.

KAKA: Sasa pandisha iwe 12.

DADA: Ya kwanza inafika asilimia 12 ya kipato chake chote, ya pili inafika 4.8. Mmoja kaongezewa pointi mbili nzima, mwenzake hata moja haijafika. Na huyu wa kwanza hana pa kujificha kaka, hana akiba ya kugusa, kwahiyo kitu lazima kitoke kwenye kapu.

KAKA: Ngoja nikubishie kidogo. Wachumi wengine wanasema usipime kwa mwezi, pima kwa maisha yote, maana zile 6,000 zilizowekwa siku moja zitatumika na zitakatwa kodi hukohuko mbele.

DADA: Hoja hiyo naiheshimu, tena ina ukweli kwa mtu anayeweka akiba ya uzeeni. Lakini pesa nyingine haitumiki dukani kabisa, inanunua ardhi, inanunua hisa, inarithiwa na watoto, na sehemu kubwa ya hivyo kodi ya mauzo haivigusi. Halafu yule mama tumbo lake ni la mwezi huu, si la maisha yote.

KAKA: Hapo umenishika. Na kuna kitu kingine kuhusu matumizi, watu hawasubiri kodi ipande ndo wabadilike. Angalia Japani, tarehe 1 Aprili 2014 walipandisha kutoka asilimia 5 kwenda 8. Kabla ya siku hiyo watu walikimbilia madukani wakanunua magari, mafriji, vitu vya kukaa muda mrefu, ilipofika Aprili manunuzi yakaporomoka na uchumi wote ukasinyaa robo ile ya mwaka. Serikali ilikuwa imepanga kufika 10 mwaka 2015, ikaahirisha, ikaahirisha tena, mpaka Oktoba 2019.

DADA: Na hebu jiulize nani aliweza kukimbilia dukani mapema? Mwenye pesa ya ziada. Anayeishi kwa mshahara wa wiki hawezi kununua friji mwezi mmoja kabla ati kwa sababu kodi inakuja, kwahiyo hata ile nafasi ya kukwepa wameipata walewale.

KAKA: Sawa, basi si watoe kodi kwenye vitu vya lazima? Japani mwaka 2019 vyakula vilibaki 8.

DADA: Inasaidia, lakini ina mitego. Hukohuko Japani chakula kilekile ukibeba ni 8, ukikaa kula mezani ni 10, fikiria muuzaji anavyohangaika. Alafu tutofautishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku, kwenye kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, kodi ya mauzo inayokatwa kila hatua mzigo unapouzwa, kuna msamaha na kuna kiwango sifuri. Kiwango sifuri muuzaji anarudishiwa kodi aliyolipa akinunua mzigo, kwahiyo bei inatoka safi. Msamaha harudishiwi, ile kodi anaiingiza kwenye bei kimyakimya, wewe unaambiwa bidhaa imesamehewa kumbe bado unalipa kipande.

KAKA: Aisee, hiyo wengi hatuijui.

DADA: Na mwenye troli kubwa naye ananufaika na huo msamaha, tena kwa pesa taslimu ananufaika zaidi maana ananunua vingi. Ndo maana mimi napenda njia ya Kanada. Kodi yao ya bidhaa na huduma ilianza 1991, na familia za kipato cha chini zinatumiwa pesa kila baada ya miezi mitatu kufidia ile kodi, kiasi kinategemea kipato na idadi ya watoto. Ukipata zaidi, inapungua mpaka inaisha.

KAKA: Hapo sasa nina wasiwasi. Kule lazima uwe umewasilisha ritani ya kodi, ile fomu ya kuitajia serikali kipato chako cha mwaka, ndo upate. Mtu anayefanya vibarua, hana karatasi hata moja, serikali itamjuaje? Kodi atalipa kila siku na fidia hataiona.

DADA: Ni kweli, na sina jibu rahisi. Kwa huyo, kiwango sifuri kwenye vitu vichache vya lazima ndo kinamfikia, maana hakimuulizi kitambulisho. Kwahiyo mimi ningeshika vyote viwili, orodha ya sifuri iwe fupi sana, na fidia kwa wanaofikika.

KAKA: Na fidia ianze lini?

DADA: Kabla kaka! Malipo ya kwanza yafike mkononi kabla bei hazijabadilishwa. Ukipandisha leo halafu ulipe baada ya miezi mitatu, yule mama atakuwa ameshaacha sabuni mara ngapi?

KAKA: Mimi hapo nakuunga mkono kabisa.